Paketi ya bethdei ya mtoto ushuani: nilichopenda, na wageni ambao paketi haiwajui

Jamani kuna watu wameniuliza sana kuhusu hizi paketi za bethdei za watoto zinazouzwa kwenye majumba ya michezo hapa Dar kuanzia Masaki, Mikocheni mpaka Mbezi Beach, kama zinalipa au ni kutupa hela. Nimeitumia moja binti yangu alipotimiza miaka 7, na ya mdogo wake nikafanyia nyumbani Tabata kwa kukodi kitu kimoja kimoja, kwa hiyo zote mbili nimeziona kwa macho. Jina la jumba silitaji maana nina malalamiko, na kwa ninavyosikia kwa wamama wengine hizi sheria unazikuta sehemu nyingi tu, hivyo ukisoma hapa utajua cha kuuliza kabla hujatoa adivansi.

Bei kwanza. Kichwa kimoja wikiendi ni 45,000 na hawapokei chini ya watoto 15, yaani hata ukiwa na watoto tisa unalipia 15, inakuwa 675,000 kabla hujagusa keki wala mapambo. Ili muione hiyo hela vizuri, kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipopandishwa Julai 2025 kilitoka 370,000 kikawa 500,000. Mtu anayelipwa kima hicho, mwezi wake mzima wa kuamka alfajiri haufikii masaa mawili ya hao watoto 15 kuruka kwenye trampolini. Na ni masaa mawili kweli kweli, saa yao iko ukutani. Ndani ya hayo masaa mnapewa chumba cha pati dakika 45 za mwisho, mshereheshaji mmoja, chipsi na nageti za kuku, juisi ya boksi, na kadi ya mwaliko ya kutuma wasapu yenye picha ya mtoto. Soksi za kuingilia sehemu ya kuchezea hazimo, 5,000 pea moja, na bila soksi mtoto hakanyagi ndani.

Nianze na mazuri kwa sababu yapo na nayasema kwa moyo wote. Pasafi. Choo kina maji, sabuni na tishu, na kuna sinki fupi la watoto. Kila kona ya kuchezea kuna kijana amesimama anaangalia, mkubwa akimrukia mdogo anamtoa hapo hapo. Kiyoyozi kinafanya kazi, na wewe mzazi unakaa, hukimbizani na sufuria. Kwa mama anayefanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi mchana na hana ndugu wa karibu wa kumsaidia kupika, hiyo peke yake ni msaada mkubwa, simlaumu hata kidogo anayelipa. Binti yangu alifurahi mpaka akalala na lile taji la karatasi kichwani.

Sasa tuje kwa wageni.

Paketi imetengenezwa kwa ajili ya mtoto na wenzake wa darasani, basi. Ukitaka kujua angalia fomu yenyewe, wanataka majina ya watoto 15, umri wao, nani ana mzio wa karanga, na chini kabisa mstari mmoja, walezi wawili bure. Kwa familia ambazo bethdei zao ni watoto wa klasi moja, wazazi wanashusha na gari wanarudi baadae kuchukua, hiyo fomu inatosha kabisa. Wanajuana kwenye grupu la wasapu la darasa, leo kwako mwezi ujao kwangu, na ukialikwa unajua na wewe utaalika. Kwetu haijawahi kuwa hivyo. Kwetu bethdei ya mtoto ni shughuli ya ukoo na mtaa, bibi anakuja, mamdogo, shangazi, mjomba aliyepotea toka Pasaka, jirani na wanae, na mtoto wa jirani ambaye hajaalikwa na mtu lakini amesikia muziki. Fomu haina pa kuwaandika hawa wote.

Mama mkwe wangu alitoka Mbagala, daladala mbili na bajaji, kavaa doti ya kanga mpya ambayo bado ina ule ugumu wa dukani. Niliandika watoto wawili wa wifi yangu, akaja nao wanne, kwa sababu huwezi kuchukua wawili ukaacha wawili wanalia mlangoni, mama yeyote anaelewa hilo. Mkononi ameshika hotpoti ya visheti, kaamka usiku kukaanga, maana mjukuu wake anavipenda. Kijana wa getini alimwamkia vizuri sana, shikamoo bibi, alafu akaanza kuhesabu vichwa. Wawili wamezidi, 90,000 hapo hapo, soksi nne 20,000, na ile hotpoti haiingii kwa sababu chakula cha nje hakiruhusiwi isipokuwa keki. Kamuuliza kwa adabu aiache mapokezi. Mama akaitoa, kaipokea dada wa mapokezi, kaiweka chini ya kaunta karibu na helmeti ya bodaboda.

Naelewa sababu zao. Mtu akiumwa tumbo baada ya kula cha nje watalaumiwa wao, na jikoni ndo sehemu wanayopata faida. Lakini kwa bibi wa Kiswahili zawadi ya mjukuu ndo hiyo, hana zawadi ya kufungwa na utepe. Ukimzuia visheti getini umemwambia asimame mikono mitupu mbele ya wajukuu na mbele ya wakwe. Wenye biashara wakae waliangalie hili, wanaweza kutoza hata 10,000 ya sahani kwa kitu kikavu kama visheti, kashata au biskuti za nyumbani, mbona keki ya nje wanairuhusu na ile ina krimu.

Viti navyo. Chumba cha pati kina vile viti vifupi vya watoto vya rangi rangi na benchi moja ukutani, watu wazima mnatakiwa mkae kwenye mgahawa wao nje, na huko huwezi kukaa bila kuagiza. Mama mkwe alikunywa maji ya 3,000. Alikuwa nje ya kioo anawaona wajukuu wanaruka.

Na wale madada wa kazi. Wazazi wa ushuani wengi hawakuja, walituma watoto na dada na dereva. Walikuwa madada watano hivi, baadhi na yunifomu, wamesimama mstari mmoja ukutani wamekumbatia mabegi ya watoto na chupa za maji, masaa mawili yote. Kwenye paketi hawahesabiwi popote, siyo mgeni, siyo mtoto, siyo mzazi, hata nageti moja hawana. Niliomba sahani tano za chipsi nikalipa pembeni. Mmoja akaniuliza kwanza, dada ni zetu hizi? Hili siwatupii wenye jumba peke yao, ni sisi wazazi pia tunaowatuma, lakini wao ndo wanaona kila wikiendi na wangeweza kuweka sahani ya mlezi kwenye bei toka mwanzo bila mtu kuombwa.

Mshereheshaji wao nampa sifa zake zote. Binti mdogo tu, sauti ipo, anajua kumtoa mtoto mwenye aibu bila kumlazimisha. Ila michezo yote aliianza kwa Kiingereza. Watoto wa darasani kwa binti yangu wanasoma ingilishi midiamu wakawa wanadaka kila amri, hawa wa wifi wanasoma shule ya msingi ya serikali ambako wanafundishwa kwa Kiswahili, wakawa wanawatazama wenzao kwanza ndo na wao wanyanyue mkono, na ule mchezo ukichelewa unatolewa. Wakatoka wote wanne raundi ya kwanza, wakaenda kukaa chini pembeni na soksi zao mpya, yule mdogo anavuta vuta uzi wa soksi. Nikamfata yule binti nikamnong'oneza, mdogo wangu naomba endesha kwa Kiswahili, watoto wote humu wanakijua. Akasema sawa dada, na akabadilisha hapo hapo, na jamani ukumbi ulivyochangamka! Hata wale wa ingilishi midiamu walicheka zaidi maana alianza kuwatania. Raundi ya mwisho alibaki mtoto mkubwa wa wifi, miaka 9, wanamshangilia jina lake watoto ambao nusu saa nyuma hawamjui. Kwa hiyo uwezo wanao, kinachotakiwa ni kumuuliza mzazi kwenye fomu lugha gani, ni mstari mmoja tu.

Chakula sikipendi kukisema sana, chipsi zilikuwa zimelala, nageti zimepoa, juisi ni juisi. Watoto hawakujali.

Keki nililetewa na mama mmoja wa Tabata anayeoka nyumbani na kuuza kwa Insta, kilo 2, ya vanila na krimu ya siagi, haikuyeyuka njiani pamoja na foleni ya Mwenge, huyo nampa nyota zote. Shida ilikuwa kwenye kuikata. Sisi Watanzania bethdei ni kulishana keki, mnajua. Keki inakatwa vipande vidogo vidogo, vinachomwa vijiti vya meno, alafu MC anaanza kuita, bibi mzaa baba na kundi lake, wanakuja wanacheza taratibu, mtoto anamlisha bibi, bibi anamlisha mtoto, kuna anayetunza, vigelegele, anaitwa bibi mzaa mama, shangazi, majirani, mpaka mwalimu wa tuisheni. Inaweza kuchukua saa nzima na hakuna anayeangalia saa, maana pale ndo mtoto anajua ndugu zake ni nani na ndugu wanajua wanathaminiwa. Kwenye dakika 45 zenye chakula, wimbo, mishumaa, picha na kugawa mifuko, tulipewa kulisha baba na mama, picha, asanteni. Niliposema bibi bado, wakaongeza bibi, ikaishia hapo kwa sababu pati inayofuata ilikuwa imeshafika mlangoni na baluni zao. Wifi yangu hakulishwa. Hakusema kitu ila nimejua mimi.

Mifuko ya zawadi ya kuondokea, kwanza vizuri kwamba ni ya karatasi, toka ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 hawa watu wamezingatia. Ndani kuna pipi, penseli, kifutio na mpira mdogo. Lakini imeandikwa majina, kumi na tano kamili. Wale wawili waliozidi nimewalipia kichwa kamili na mfuko hawakupata, wakaambiwa imeisha. Binti yangu alimpa wake mmoja wao bila kuambiwa na mtu, na mwingine tulimnunulia kitu njiani. Wekeni mifuko ya ziada jamani, mitatu minne isiyo na jina, inagharimu nini?

Sasa nyumbani. Ya mdogo wake nimefanyia uani kwetu. Jampingi kasto 120,000 kutwa, viti 60 kwa 500 kila kimoja, spika na kijana wa muziki 50,000, keki kilo 3 kwa mama yule yule 105,000, na kama 190,000 ya pilau, kachumbari, bisi na juisi ya ukwaju. Karibu laki tano jumla, na watoto hatukuhesabu. Walikuja wetu, wakaja wa mtaa wa pili, wakaja wawili wamebeba mgongoni wadogo zao. Kila mtoto aliondoka na kipande cha keki kwenye tishu, na wale wenye mdogo nyumbani walisema kabisa, mama naomba na cha Saidi, wakapewa. Bibi alikaa kwenye kiti chenye mikono katikati ya uwanja na visheti vyake viko meza kuu. Kulishana tulimaliza magharibi inaingia, na mwisho mwenye bethdei akamwagiwa ndoo ya maji na binamu zake kama kawaida.

Na kuna jirani yetu, mama wa Kipemba, wao bethdei hawafanyi, wanaona haimo katika dini, mtoto wao akizaliwa wanachinja akika siku ya saba na furaha kubwa ya watoto ni Idi, nguo mpya na mkono wa Idi nyumba kwa nyumba. Nilimuuliza watoto wake waje au nisiwasumbue, akasema watakuja kula na kucheza kama majirani, kwenye mishumaa na wimbo wasiwepo. Basi wakaja baada ya mishumaa, wakaruka kasto na wenzao mpaka mwisho, hakuna aliyejisikia vibaya. Nyumbani jambo kama hilo linapangika kwa maneno mawili juu ya ukuta. Kwenye masaa mawili ya kulipia kichwa nisingejua hata nianzie wapi.

Ila nyumbani kuna hatari zake na msije mkasema sikuwaambia. Umeme ulikatika mchana, ile feni inayojaza kasto ikazima na kasto ikaanza kulegea na watoto wako juu, tukawatoa mbio. Mwenye kasto hakuwa na jenereta na hakuwa amemuacha mtu wa kusimamia. Muulizeni mapema, jenereta ipo? Nani anasimamia? Mtaifunga na kigingi ardhini au mnaiweka hivi hivi? Upepo ukija, dude kubwa lile linanyanyuka. Na tengeni wakubwa na wadogo, wa miaka 12 wasiruke na wa miaka 3. Hapo ndo niliwakumbuka wale vijana wa kwenye jumba waliosimama kila kona, hiyo kazi ina thamani.

Na kitu kingine kinachoniuma huku kwetu, presha imeshuka mpaka uswazi. Zamani bibi yake mtoto hata tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa haijui, anajua tu alizaliwa masika ya mwaka fulani, na hakuna aliyemuona pungufu. Siku hizi mtoto wa chekechea anarudi anasema mwenzangu aliletewa keki shuleni ya picha, na mama anayeuza vitumbua anaona aibu, anachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ili apate mapambo, sare za kitenge za familia na mpiga picha. Nimemuona mama akifuatwa na wenye mkopo mlangoni kwa ajili ya bethdei ya miaka 3. Mtoto wa miaka 3 anataka bisi na wenzake. Hawa wanaouza paketi wakiposti zile picha za kuta za maua na keki za ghorofa nne, wajue zinaangaliwa na huyo mama pia. Waweke na paketi ndogo ya watoto watano siku ya kazi, wataona wateja wapya.

Kwa hiyo jumba naipa nyota tatu kwa tano. Usafi na usalama tano, mshereheshaji tano baada ya kubadilisha lugha, chakula mbili, na namna wanavyopokea wazee na ndugu moja. Kama familia yako ni watoto wa darasani tu na unataka utulivu, nenda, utaridhika. Kama una bibi, mashangazi na wifi, ulizeni haya kabla ya kulipa: waliozidi wanalipaje na wanapata mfuko au la, viti vya wazee viko ndani ya chumba cha pati au nje, chakula kikavu cha nyumbani kinaruhusiwa, kuongeza nusu saa ni bei gani, lugha ya mshereheshaji, na sahani za walezi. Mkubaliane kwa maandishi kwenye wasapu, siyo kwa simu, maana mtu wa simu siku ya pati anakuwa ofu.

Meneja wao nilimtumia haya yote, akajibu vizuri kwamba suala la viti vya wazee wanaliangalia. Wakirekebisha hilo na la visheti nitarudi na ukoo mzima na nitaandika tena. Kwa sasa tunaenda siku za kazi tu, Jumanne tiketi inashuka mpaka 15,000 na hakuna foleni, soksi za mwanzo tunaenda nazo zilizofuliwa, wanazikubali.